Mtoto anaota magego na usiku halali: maswali na majibu

Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Mchana anacheza, usiku anaamka kila mara analia ameshika shavu. Ni meno kweli?

Yawezekana sana. Wengi hudhani kuota meno ni taabu ya watoto wachanga tu, kumbe magego ya kwanza huchomoza kati ya miezi 13 na 19, chonge miezi 16 hadi 23, na magego ya pili miezi 23 hadi 33. Gego ni pana, hivyo fizi huvimba zaidi kuliko ilivyokuwa kwa meno ya mbele. Nawa mikono, kisha pitisha kidole taratibu hadi nyuma ya fizi. Ukigusa uvimbe uliokaza, au ncha ngumu kama ukingo wa kucha, na mtoto akashtuka au akaking'ata kidole, umepapata.

Mchana michezo na watu humsahaulisha. Usiku kukiwa kimya, hubaki yeye na maumivu yake.

Saa nane usiku analia, nianzie wapi?

Anza na kidole hichohicho. Mpakate, kisha sugua fizi kwa mgandamizo wa wastani dakika moja au mbili. Mara nyingi utamsikia kilio kikishuka, aanze kukitafuna kidole chenyewe.

Kisha kitambaa. Kabla hamjalala, lowesha kitambaa safi cha pamba, kikamue, ukiweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa sababu kitu kilichoganda huumiza fizi. Kisokote pembe moja aing'ate huku umemshika. Huna friji? Kiloweshe kwa maji safi ya baridi, kinasaidia pia. Akianza kusinzia, kitoe mdomoni. Asilale na kitu cha kutafuna.

Mfute udenda shingoni na kidevuni, umpake mafuta mazito ya mgando ngozi isichubuke. Taa iwe hafifu, sauti yako ya chini, na msihamie sebuleni. Anayenyonya, mnyonyeshe. Ila usimwachie chupa ya maziwa kitandani, maana sukari ya maziwa ikikaa usiku kucha kwenye meno machanga huyaozesha.

Nimpe dawa?

Kama hayo yote hayajamtuliza, parasetamoli ya maji inafaa. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150, anaweza kurudia baada ya saa 6, na zisizidi dozi 4 kwa siku nzima. Soma chupa, kwa kuwa nguvu ya dawa hutofautiana, na upime kwa bomba au kikombe chake, si kijiko cha jikoni. Aspirini usimpe kabisa.

Na zile jeli za kutia ganzi fizi?

Ziache. Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba jeli zenye benzokaini zisitumike kwa walio chini ya miaka 2, kwa kuwa zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Lidokaini, dawa nyingine ya ganzi, ikimezwa inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo. Halafu udenda huisafisha jeli fizini kwa muda mfupi tu, kwa hiyo unabeba hatari hiyo bure. Shanga za kuvaa shingoni ili kutuliza meno nazo zinaweza kumnyonga au kumkaba akiwa usingizini. Na fizi isichanjwe wala kukatwa na mtu yeyote.

Ana homa na anaharisha. Si ndiyo homa ya meno?

Hapa naomba unisikilize vizuri, mzazi mwenzangu. Jino linaweza kupandisha joto kidogo tu. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, au mtoto akiharisha na kutapika, kuna ugonjwa mwingine. Meno huota katika umri ambao mtoto hutia kila kitu mdomoni na kupata maambukizi mara kwa mara, ndiyo maana mambo haya hukutana. Kulisingizia jino kunachelewesha matibabu. Penye malaria, apimwe siku hiyohiyo. Akilia zaidi kila akilazwa chali, au sikio likitoa usaha, aangaliwe sikio. Akilegea, akikataa kunywa au akikaa saa 8 bila kukojoa, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kukuche.

Taabu hii itachukua muda gani?

Kwa kila jino, siku chache kabla halijatokeza na siku chache baadaye. Kilio kikipita wiki, mpeleke kituo cha afya. Gego likishaonekana, lipigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje moja ya mchele. Ukikuta fizi bado inauma, zungushia kidoleni kitambaa kilicholowa umsafishe nacho, urudi kwenye mswaki ikishapoa.