Pomboo wa Kizimkazi na Kelele za Mashine Zetu

Zamisha kichwa baharini pale Kizimkazi. Boti iko mbali, hata rangi yake huijui, lakini mashine yake imeshafika masikioni mwako. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Pomboo hutumia sauti kama sisi tunavyotumia macho: hugongesha milio mifupi, wakasikiliza mwangwi, wakajua samaki yuko wapi na mwamba uko wapi. Wanaitana kwa miluzi, na mtoto hupotea mamake asiposikika.

Sasa zitazame boti za watalii sita, saba, zimelizunguka kundi moja. Pomboo wakizama, mashine zinakaa tayari; wakiibuka mbele, mbio tena. Utafiti uliofanywa huku huku kusini mwa Unguja, ukachapishwa 2010, ulionyesha kwamba boti zikiwafuata, pomboo hupunguza kupumzika, kutafuta chakula na kuchezeana, wakazidisha kusafiri. Kwangu mimi huko ni kumfukuza mnyama kwao, tena ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai.

Boti ikienda mbio, sehemu kubwa ya kelele hutoka kwenye rafadha, ile propela. Mapanga yakizunguka kwa kasi mno, maji huvutwa hadi yakafanya viputo vya mvuke, na viputo hivyo hupasuka kwa maelfu. Panga lililopinda au kumeguka huanza mapema zaidi. Maji yakikupwa na boti imelala mchangani, pitisha kidole ukingoni mwa panga. Ukikuta kijino, ipeleke rafadha kwa fundi; utapunguza kelele, na mafuta nayo yatakwenda mbali.

Kwa meli kubwa, IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ilitoa miongozo ya kupunguza kelele mwaka 2014 na kuihuisha 2023. Ni ya hiari, na naona haitoshi.

Kinachonipa moyo ni kwamba kelele haiachi taka. Mafuta yakimwagika tutahangaika miaka, lakini mashine ikizimwa bahari inatulia papo hapo. Septemba 2001, meli zilipopungua ghafla katika Ghuba ya Fundy, Kanada, kelele ilishuka, na watafiti waliopima kinyesi cha nyangumi wakakuta homoni za msongo nazo zimeshuka.

Kwa hiyo manahodha, wasogeleeni pomboo kwa ubavuni, polepole, msiwakatie njia. Mkifika, toeni gia mkae. Wakitaka watakuja wenyewe. Wenye watoto waacheni. Msimu wa kusi, nyangumi wakipita na ndama wao, kaeni mbali zaidi.

Najua nahodha hukimbia kwa kuwa mgeni amelipa na anataka kuona. Basi wewe uliyekodi boti, kabla hamjaondoka ufukweni, mwambie: "Nahodha, sisi hatuna haraka."