Usimwage oili kabla hujaiuliza

Dereva akichomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili nyeusi tii, husema imekufa. Kazi yangu ni kusoma majibu ya maabara ya oili za malori, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolazimika kubishana nalo. Oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi ndani ya siku chache baada ya kubadilishwa. Imebeba masizi ya mwako, na imetengenezwa iyabebe ili yasigande kwenye pistoni. Rangi peke yake haikuambii injini ina hali gani.

Kinachosema ni chembe ndogo za metali ambazo jicho halizioni. Hili si jambo geni: mwaka 1946 maabara ya reli ya Denver and Rio Grande, kule Marekani, ilikuwa tayari inagundua hitilafu za injini za treni za dizeli kwa kupima metali ndani ya oili iliyotumika. Maabara huiunguza sampuli kwa joto kali mno, kila elementi ikatoa mwanga wake, na mashine ikahesabu. Majibu huja kwa sehemu kwa milioni, yaani sehemu ngapi za metali kwenye kila sehemu milioni za oili.

Kila metali ina kwao. Chuma hutoka kwenye kuta za silinda, krenkishafti na gia. Kromiamu mara nyingi ni ringi za pistoni, aluminiamu ni pistoni zenyewe. Risasi, bati na shaba zikipanda pamoja, beringi zinalika. Shaba ikipanda peke yake kwenye injini mpya, situmi mtu afungue kitu. Mara nyingi ni kipozaoili kinachoacha shaba yake ya awali, na baada ya mabadiliko kadhaa ya oili hutulia.

Ila namba bila kilomita ni kelele tu. Chuma 40 kwenye oili iliyotembea kilomita 10,000 ni 4 kwa kila kilomita 1,000. Chuma 40 ileile kwenye oili ya kilomita 30,000 haifiki hata 1.5. Halafu kuna oili ya kuongezea, ambayo karibu kila mtu husahau kuiandika. Injini ya lita 35 ikiongezewa lita 10 njiani, metali zilizokuwamo zimezimuliwa. Ndiyo maana injini inayokula oili kuliko zote kwenye msafara inaweza kuleta majibu mazuri kuliko zote. Chupa isiyo na kilomita za oili na lita zilizoongezwa, mimi huiweka kando.

Silikoni ndiyo ninayoiangalia kabla ya yote, kwa sababu ni vumbi, na vumbi husaga injini kama msasa. Kuna lori nililolifuatilia muda mrefu, silikoni yake ikicheza kwenye 8, 9, 8. Ghafla 21, na chuma na aluminiamu zikapanda nayo. Fundi aliapa kwamba filta ya hewa ni mpya, na kweli ilikuwa mpya. Hitilafu ilikuwa baada ya filta: klempu ya mpira unaopeleka hewa kwenye turbo ilikuwa imelegea, na turbo inavuta popote penye upenyo. Ilikazwa kwa bisibisi. Lakini injini iliyotoka kufunguliwa na kufungwa upya huweza kuonyesha silikoni nyingi bila chuma kupanda. Hiyo ni gundi ya gasketi.

Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ina ujanja wake. Watu husubiri kuona maji kwenye oili, au ile rangi ya maziwa. Uvujaji ukiwa mdogo, joto la injini hugeuza maji kuwa mvuke na kuyatoa, usione kitu. Kinachobaki ni chumvi za kulanti, yaani sodiamu au potasiamu, kutegemea aina unayotumia. Basi nikiona potasiamu inapanda taratibu, namwambia mwenye lori apime rejeta na mfumo mzima kwa shinikizo, hata kama maabara imeandika kwamba maji hakuna.

Mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, nao umenidanganya mara moja. Oili ya daraja la 15W-40 ikiwa mpya, mnato wake kwa nyuzi joto 100 huwa kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 12.5 na 16.3. Dizeli ikivuja kutoka kwenye nozeli huifanya iwe nyepesi. Masizi huifanya iwe nzito. Yote mawili yakitokea kwa pamoja, yanafichana, na karatasi inakuja na mnato wa kawaida kabisa. Niliupitisha. Tangu siku hiyo sisomi mnato bila kusoma kiwango cha dizeli na cha masizi pembeni yake.

Sasa sampuli yenyewe. Ichukuliwe injini ikiwa imetoka kazini, bado ya moto, oili imechanganyika. Pampu ndogo ya kuvuta kupitia bomba la kijiti ndiyo njia ninayoipenda. Ukichukua wakati wa kumwaga, acha ya kwanza itiririke, kinga ya katikati. Chupa iwe safi na kavu. Usichote kwenye beseni la oili chafu, maana humo kuna mabaki ya malori mengine.

Jambo moja mashine hailioni vizuri: vipande vikubwa. Chembe zikizidi mikroni 8 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nyingi hazihesabiki, na beringi inayobanduka ghafla hutoa vipande vikubwa kuliko hapo. Kwa hiyo filta ya oili ikitolewa, ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe na kupitishiwa sumaku. Nikipata risasi imeruka na majibu yote ya nyuma yalikuwa tulivu, huomba sampuli ya pili ndani ya siku chache na filta ikatwe siku hiyohiyo. Sampuli ikirudia hadithi ileile, au kwenye karatasi ya filta kukiwa na vimeremeta, lori halitoki. Linashushwa bakuli la oili na beringi zinakaguliwa.