Tholini ni nini?

Tholini ni unga au utando wa rangi ya hudhurungi unaobaki kwenye chemba ya maabara baada ya mchanganyiko wa naitrojeni na methani kupigwa na umeme au mionzi. Jina lilitolewa na wanasayansi Carl Sagan na Bishun Khare mwaka 1979, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tope. Mara nyingi hutumika kuiga ukungu wa rangi ya chungwa unaoufunika Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Ni kiigizo tu: ukungu wenyewe uko kule juu, tholini iko maabara.

Ili kuitengeneza, chemba ya chuma kisichoshika kutu huvutwa hewa kwa pampu huku ikipashwa moto usiku kucha, ili maji yaliyoshikamana na kuta yatoke. Kisha gesi huingizwa ikitiririka polepole, kwa kawaida naitrojeni asilimia 90 hadi 98 na methani kwa sehemu iliyobaki, kwenye kanieneo ya takriban milibari 1. Umeme ukiwashwa, gesi hugeuka plazma inayong'aa, yaani gesi yenye elektroni huru. Taa ya urujuanimno ya mawimbi mafupi huvunja methani, lakini haina nguvu ya kutenganisha atomi mbili za naitrojeni. Elektroni za plazma zinaweza. Baada ya saa kadhaa kuta huanza kuwa za manjano, kisha utando hunenepa na kubanduka vipande vipande.

Adui mkubwa ni hewa. Kabla ya kuanza, funga vali zote, zima pampu, utazame geji ya kanieneo: ikipanda bila kukoma, kuna tundu. Oksijeni ikiingia hujifunga kwenye tholini, na vipimo vitaonyesha misombo ambayo Titan haikuitengeneza. Ndiyo maana sampuli hukwanguliwa ndani ya sanduku la glavu, yaani sanduku lililofungwa ambalo mikono huingia kupitia glavu, lenye naitrojeni. Gesi inayotoka ina haidrojeni sianidi, sumu kali, hivyo bomba la pampu lazima liishie kwenye mfumo wa kufyonza hewa chafu.

Kuna tofauti isiyoepukika. Ukungu wa Titan huanza kutokea kilomita zipatazo 1,000 juu, ambako kanieneo ni ndogo mno. Ukiiga hali hiyo, molekuli zitagonga kuta za chemba kabla ya kugongana zenyewe kwa zenyewe, hivyo maabara hutumia kanieneo kubwa zaidi. Kwa hiyo kila tholini iandikiwe uwiano wa methani, kanieneo, joto na aina ya nishati iliyotumika. Bila hayo haiwezi kulinganishwa na ya maabara nyingine.