Uchumi wa filamu, uchumi katika filamu

Nimesikia tena mchambuzi akitangaza kwamba anaeleza dhamira za kiuchumi za filamu, kisha muda wake wote ukaishia kwenye gharama za kuitengeneza na tiketi zilizouzwa. Hiyo ni biashara ya sinema. Dhamira ya kiuchumi ni lile ambalo hadithi yenyewe inalifichua kuhusu namna watu wanavyotafuta riziki, wanavyoajiriwa, wanavyodaiwa na wanavyogawana kilichopo.

Neno lenyewe lingetuongoza, kama tungelisikiliza. Uchumi umetokana na kitenzi kuchuma: kutwaa tunda mtini, na hapo hapo kupata mali kwa juhudi. Ni kitenzi kilekile cha mchumia juani hulia kivulini, wala hakihusiani na chuma cha kufulia majembe. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye fedha, upo mkono unaochuma, na upo mti wenye mwenyewe. Anayesoma uchumi katika filamu anauliza: nani anachuma, mti ni wa nani, na hicho kivuli, mchumaji anakipata?

Tazama Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, Italia, 1948. Baba amepata kazi ya kubandika mabango, lakini kazi inadai baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe anatandua mashuka kitandani ili yawekwe rehani badala yake. Kisha tunamwona karani akilibeba furushi lao na kukwea rafu ndefu, na rafu zile zimesheheni mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini. Ni furushi moja tu, na juu yake na chini yake vitanda vya mji mzima.

Nalisisitiza hili kwa sababu kuna kosa la pili, la kudhani kwamba filamu ina dhamira ya kiuchumi pale tu noti zinapohesabiwa mbele ya kamera. Katika Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968, mzee Dieng wa Dakar anatumiwa na mpwa wake aliyeko Paris hawala ya posta ya faranga 25,000. Kati ya hizo, zake yeye ni 2,000 tu; nyingine si zake. Posta wanataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Huku nyuma wake zake wameshakopa mchele dukani kwa kutegemea hawala hiyo, na majirani wameshabisha hodi. Fedha zenyewe hazimfikii kamwe, ila madeni yake yamefika. Uchumi wote umo humo, kwenye karatasi isiyogeuka kuwa pesa.

Basi ndugu mchambuzi, ukitaka kutueleza filamu imeingiza kiasi gani, sema mapato ya filamu, au uchumi *wa* filamu. Ukisema uchumi *katika* filamu, tutakungoja utupeleke hadi kwenye yale mashuka.