Kabla ya kuhesabu maneno, tazama kidole

"Daktari, huyu haongei."

Mama mtu alisema hivyo kabla sijamaliza kumwamkia bibi aliyekuja naye. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa usemi na lugha, lakini huku Pwani ukikaa nyuma ya meza ya kliniki wewe ni daktari, na nilishaacha kubisha. Mtoto mwenyewe, mvulana wa miezi 20, alikuwa sakafuni akihangaika kuvua kiatu. Mama alikuwa na orodha kwenye simu, ya Kiingereza, ya maneno ambayo mtoto wa umri huo anatakiwa awe nayo. Wake alikuwa nayo matatu: "mama", "ma" ya maji, na "toka". Bibi naye alikuwa na lake: "Babake alikuwa hivi hivi. Mume wangu huyu maneno anayo, hayajashuka tu."

Wakati wanavutana, mtoto akaona mjusi kafiri ukutani, juu ya kabati. Akanyoosha kidole cha shahada, akatoa "eh!", akageuka kumwangalia bibi usoni, akarudisha macho kwa mjusi, kisha kwa bibi tena. Bibi akainua macho ukutani, akamtazama mjukuu, akasema, "Ehe, mjusi huyo!" halafu akaendelea kubishana na mkazamwana wake. Mtoto akacheka, akarudi kwenye kiatu.

Sekunde tano hizo ziliniambia mengi kuliko ile orodha yote.

Kunyoosha kidole kuna namna mbili, na aliyeziona mapema ni Elizabeth Bates, mtafiti Mmarekani wa lugha ya watoto, akiwa na Waitalia wawili, Luigia Camaioni na Virginia Volterra, katika utafiti wao wa 1975. Kidole cha kwanza ni cha kuagiza. Biskuti iko juu, mkono haufiki, mtu mzima ndiye ngazi. Cha pili hakiagizi kitu. Mtoto hamtaki mjusi, pengine hata anamwogopa. Anachotaka ni wewe umwone, naye ajue kwamba umemwona. Hicho cha pili ndicho kinachonishughulisha kazini, kwa sababu mtoto anayekitumia ameshatambua kwamba bibi ana mawazo yake kichwani, na kwamba mawazo hayo yanaweza kuelekezwa mahali. Bila utambuzi huo, neno lina kazi gani?

Huenda ukasema sisi wakubwa ndio tunaomsingizia mtoto akili hiyo. Ni hoja ya haki, na Ulf Liszkowski na wenzake, Michael Tomasello akiwa mmoja wao, waliijaribu huko Leipzig, Ujerumani, wakachapisha matokeo 2004. Watoto wa miezi 12 waliketishwa mahali ambapo vikaragosi vilikuwa vikichomoza mbele yao. Mtoto aliponyoosha kidole, mtu mzima aliyekuwa naye alijibu kwa njia moja kati ya nne: alimchangamkia mtoto bila kutazama kikaragosi, au alikitazama kikaragosi bila kumjali mtoto, au hakufanya lolote, au alitazama kikaragosi na mtoto kwa zamu huku akiongea kwa furaha. Kama mtoto alikuwa anatafuta kutazamwa tu, jibu la kwanza lingemtosha. Kama alitaka tu kumgeuza mtu shingo, la pili lingemtosha. Lakini waliridhika na lile la nne peke yake. Kwa mengine walinyoosha tena na tena, kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua ina watu.

Bibi wa mjusi alitoa jibu la nne, tena akiwa katikati ya ugomvi.

Mwaka 2012 Liszkowski na wenzake wengine walifuatilia jambo hili katika jamii saba, zikiwemo za Papua New Guinea, Bali, Japani, Peru, Meksiko na Kanada. Watoto wa miezi 10 hadi 14 walinyoosha vidole kote huko. Afrika haikuwemo, na hilo linanikera, maana kwetu kidole kina adabu zake. Wengi wetu tumekua tukiambiwa usimnyooshee mtu kidole, na ukinyooshea boga changa litaoza. Kaburi ndilo usiseme. Nimewahi kuona mama akikunja kidole cha mtoto wa mwaka mmoja barazani kwangu kwa kuona haya, kwa kuwa kilikuwa kimenielekea mimi. Mwache, nilimwambia. Mtoto wa mwaka mmoja hana adabu wala utovu wa adabu. Akishakuwa na maneno ya kutosha utamfundisha kuelekeza kwa kidevu kama sisi.

Kidole pia hutangulia sarufi. Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow waliwafuata watoto 10 tangu umri wa miezi 10 hadi 24, wakaona kwamba mtoto huunganisha kidole na neno kabla hajaunganisha neno na neno. Anaelekeza kiatu, anasema "baba", na hapo ameshasema "kiatu cha baba" kwa njia yake. Waliofanya hivyo mapema ndio waliotamka maneno mawili pamoja mapema.

Hapo kwenye maneno mawili ndipo orodha za Kiingereza zinapotukwaza. Zinasema akifika miaka miwili mtoto aunganishe maneno mawili. Sawa kwa Kiingereza. Sasa mtoto wa Kisauni, hapa Mombasa, akisema "nimeanguka", amesema maneno mangapi? Kwa kuandika ni moja, kwa maana ni sentensi nzima. Kamil Ud Deen, ambaye tasnifu yake ya 2002 ilihusu watoto wanne wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, alionyesha kwamba kazi kubwa ya mtoto wetu iko kwenye viambishi vya mbele ya kitenzi. Mara hudondosha cha nafsi, mara cha wakati, mara vyote viwili. "Anataka" inaweza kutoka "nataka", au "taka" tupu, na kadiri mtoto anavyokua viambishi vinarudi mahali pake. Nimeshaletewa mtoto kwa madai kwamba "anachanganya mimi na yeye", kwa kuwa akimzungumzia paka husema "nataka maziwa". Hachanganyi. Amedondosha "a", na kilichobaki kimefanana na vile sisi wenyewe tunavyofupisha "ninataka".

Kwa hiyo nikitaka kuhesabu maneno situmii orodha ya simu. Huko Kilifi, Katie Alcock, Amina Abubakar na wenzao walitengeneza dodoso la Kiswahili na la Kigiriama, lugha ya Wagiriama wa huko, kwa watoto wa miezi 8 hadi 28, wakalichapisha 2015. Maneno hawakuyatafsiri tu kutoka Kiingereza. Waliwahoji wazazi na kuwarekodi watoto wakiongea, ndipo wakaunda orodha, kisha wakaenda nayo kwa familia zaidi ya 300. Na dodoso halijazwi na mzazi kwa kalamu. Anaulizwa kwa mdomo, kwa hiyo asiyejua kusoma hakosi nafasi, na lilifanya kazi hata pale mtoto anapolelewa na watu kadhaa. Hili la mwisho nalipenda. Mama anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni anaweza kuniapia kwamba mtoto ana maneno matano, na yaya akasimama mlangoni akataja kumi na mawili. Maneno ya Kigiriama nayo yahesabiwe. Barbara Pearson na wenzake walishaonyesha mwaka 1993, kwa watoto wa Miami wanaokua na Kihispania na Kiingereza, kwamba ukijumlisha lugha zote mbili hawako nyuma. Anayemwambia mzazi aache lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, mimi siko naye.

Yule wa mjusi nilimtuma kupima masikio, kama ninavyomtuma kila mtoto aliyechelewa, hata anayeonekana kusikia vizuri. Majibu yalikuwa mazuri. Nikapanga tuonane baada ya miezi mitatu, na bibi nikampa kazi aliyokuwa akiifanya tayari: kila kidole kikinyooshwa, atazame, ataje. Sikumwambia mama kwamba hakuna tatizo. Mtoto mwenye maneno matatu katika miezi 20 anafuatiliwa, na maneno ya bibi kuhusu babake niliyaandika kwenye faili, maana kuchelewa kuongea hufuata ukoo.

Wiki hiyohiyo aliletwa msichana wa miaka miwili na nusu. Huyu alikuwa na maneno tele. Alihesabu moja hadi ishirini kwa Kiingereza, akataja rangi na herufi zote, kwa sauti ya katuni. Kwao simu ndiyo iliyomlea mchana, na majirani walikuwa wakimsifu kwa Kiingereza chake. Aliletwa kwa sababu mwalimu wa chekechea alisema hasikii amri.

Huku kwenye lugha ya skrini, mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walishapita. Mwaka 2003 walichapisha habari za watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina cha Mandarin kwa vikao 12. Waliochezeshwa na mtu ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, na walioonyeshwa watu walewale kwenye televisheni hawakujifunza. Simlaumu mama huyu kwa simu, na wala simu haileti usonji (autism), ile hali ambayo mtoto hupata shida kuwasiliana na kushirikiana na watu. Lakini maneno yaliyoingia kwa simu yalikuwa yamekaa peke yao.

Nilijaribu. Nilipuliza povu la sabuni, likapaa hadi kwenye taa. Alilitazama, hakunitazama. Nikalielekeza kwa kidole, akatazama ncha ya kidole changu. Nikamwita jina mara tatu. Kisha akamshika mama kifundo cha mkono, akauvuta mkono ule hadi kwenye chupa ya povu, akaubwaga juu yake, bila kuinua macho kuona mkono ni wa nani.

"Lakini anajua namba zote," mama alisema.

"Najua," nikamjibu, nikavuta karatasi mbili za rufaa: ya masikio, na ya uchunguzi wa usonji. Nikamuuliza ni lini mara ya mwisho mtoto alimwonyesha kitu asichokitaka. Alifikiri kwa muda mrefu. Povu la mwisho lilipopasuka mtoto alikuwa amefika "seventeen".