Kwa nini mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla huhisi anakosa hewa ilhali hewa anayo?

Mwaka juzi taksi iliyotutoa Busia kuelekea Kampala ilisimama Namawojjolo, wauza kuku wakachomeka mishikaki madirishani kama ilivyo desturi yao, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amebanwa kiti cha nyuma, akaanza kuhema. Moyo ulimdunda, vidole vikamfa ganzi na kukunjamana kama vya kuku, akasema kwa sauti ya kukatika kwamba anakufa. Nikafungua dirisha, nikampepea kwa gazeti, nikamsihi avute pumzi, avute zaidi, avute kwa nguvu. Hali ikazidi kuwa mbaya. Tulipofika zahanati moja ya Mukono, muuguzi alimbana kidoleni kipimo cha oksijeni, nacho kikaonyesha asilimia 99. Nilidhani kimeharibika.

Kipimo kilikuwa kizima. Kilichokuwa kibovu ni ushauri wangu. Nilikuwa nimeamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba anayehema amepungukiwa na hewa, kwa sababu ndivyo tunavyomwona mkimbiaji. Lakini misuli ya mkimbiaji inafanya kazi na kuitumia hewa ile, ilhali abiria aliyeketi hana kazi yoyote inayodai oksijeni ya ziada. Damu yake tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, kwa hiyo pumzi za ziada haziongezi kitu cha maana. Zinachofanya ni kuitoa kaboni dioksidi kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza. Shuleni tulifundishwa kwamba hiyo ni taka, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kwani taka hiyo hudhibiti asidi ya damu, huamua upana wa mishipa ya damu iendayo ubongoni, na ndiyo hasa inayouongoza mwili katika kupumua, kuliko oksijeni yenyewe.

Chukua mfano wa taksi. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ni gari lililojaa abiria, na abiria hao ni oksijeni. Sote tunajua kwamba gari halisimami mpaka mtu aseme "maaso awo", yaani "hapo mbele" kwa Kiganda. Katika damu, kaboni dioksidi ni miongoni mwa wanaotoa sauti hiyo: palipo nayo nyingi, hemoglobini huwashusha abiria kwa urahisi, jambo lililoelezwa mwaka 1904 na Christian Bohr wa Denmark na wenzake. Mtu akihema mno, sauti hiyo hufifia, na wakati huohuo barabara ya kwenda ubongoni hufinywa. Magari yamejaa, ila wanaoshuka ni wachache. Ubongo hujibu kwa kizunguzungu na hisia ya kukosa hewa, mwenyewe anavuta zaidi, na mimi pembeni nachochea kuni. Ganzi nayo ina maelezo yake: asidi ya damu ikipungua, sehemu ya kalisi iliyokuwa huru hushikamana na protini, mishipa ya fahamu inakuwa myepesi kusisimka, na vidole vinachonyota au kukakamaa.

Hata hivyo, maelezo haya hayatoshi kwa kila mtu. Wapo wanaopatwa na hofu hiyo bila kuhema sana, na wapo inaowaamsha usingizini. Tena kuna kioja: mvuto mmoja wa hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 35, yaani kinyume kabisa cha nilichoeleza, huwaletea shambulio wengi wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla. Mwaka 1993 Donald Klein, daktari wa akili wa Marekani, alipendekeza kwamba ubongo wao una king'ora cha kukosa hewa kinacholia ovyo. Ni dhana ambayo bado ina wabishi. Mwaka 2013 ikaripotiwa kwamba watu watatu walioharibikiwa na amigdala, sehemu ya ubongo iliyodhaniwa kuwa makao ya hofu, nao walishikwa na hofu kuu walipovuta hewa ya namna hiyo.

Kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi ili kuirudisha kaboni dioksidi hakushauriwi tena, kwani kama tatizo ni moyo au pumu, mfuko unaweza kuua. Kwa sababu hiyohiyo, maumivu ya kifua ya mara ya kwanza yapimwe hospitalini, hata kama shambulio la hofu kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi na kupungua lenyewe.

Huitwa ugonjwa pale mashambulio yanapojirudia bila kutarajiwa, na mtu akaishi mwezi mmoja au zaidi akiliogopa lijalo au akikwepa safari na mikusanyiko. Nchini Uganda, msaada hupatikana Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, na katika vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara na Gulu. Dawa kama fluoksetini huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Diazepamu hutuliza upesi, lakini mwili huizoea vibaya. Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mzuri humfanya mgonjwa aziite dalili zake kwa makusudi mpaka zisimtishe tena. Mdogo wangu alipewa zoezi la kuhema kwa dakika moja akiwa ameketi mbele ya mtaalamu. Vidole vilipoanza kuchonyota, alivitazama kwa muda, akasema ndivyo vilevile vya Namawojjolo.