Kiwanda Kije na Chujio Lake

Mwezi wa nane, upepo wa kusi ukiwa umekaza, nilikaa barazani kwa mama mmoja katika kijiji cha mkoani Lindi, jirani na mtambo wa kusaga kokoto. Mbele yetu alikuwa ametandika mkeka na kuanika makopa. Akaokota kipande kimoja cha muhogo, akakipitishia kidole gumba, kisha akanionyesha kidole chenyewe. Kilikuwa kijivu. Nilitegemea aniambie mtambo ule ufungwe. Badala yake akasema, "Mwanangu wa pili anafanya kibarua hapo hapo. Nataka arudi na hela, ila asirudi na kifua."

Kazi yangu ni kupima ubora wa hewa, na tangu siku ile kila ninapotoa elimu huwa naanza na kidole cha mama yule. Alichokisema ndicho tunachotakiwa kukifanikisha sisi wataalamu, serikali na wawekezaji: hela ije, kifua kisije.

Najua kwa nini watu wa Kusini husikia vibaya mtu wa mazingira anapofika na vipimo vyake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ajira zilisubiriwa miaka na miaka, na mwaka 2013 Mtwara ilitikisika kwa sababu wananchi waliona gesi inaondoka na wao wanabaki walivyo. Mtu aliyesubiri kiasi hicho ukimwambia "ngojeni kwanza tupime vumbi", anachosikia ni "kazi hamtapata". Simlaumu. Ila naomba anisikilize kidogo, maana kazi na hewa safi havigombani kama tunavyoaminishwa.

Tuanze na vumbi lenyewe. Lile tunaloliona kwenye majani ya mkorosho na kwenye kanga zilizoanikwa ni vumbi kubwa. Linakera, linachafua maji ya mvua tunayokinga kwenye bati, lakini pua na koo hulizuia sehemu kubwa. Linalonitia hofu mimi ni lile dogo, chembe zisizozidi maikroni 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo zaidi ya mara ishirini. Chembe ya namna hiyo hupita koo, hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi na vumbi havileti kikohozi tu, vinaleta pia magonjwa ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango chake mwaka 2021: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Ni kiwango kigumu, miji mingi duniani haijakifikia.

Sasa, teknolojia ya kuzuia vumbi ipo na si siri. Tanuri la saruji huchoma chokaa na udongo mpaka joto la nyuzi 1,450 hivi, na hewa inayotoka humo imejaa unga. Hewa hiyo hupitishwa kwenye mamia ya mifuko mirefu ya kitambaa maalumu, unga unanasa, hewa inapita. Mifuko mizima, isiyotoboka, hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi. Na unga ule hautupwi, kwa sehemu kubwa hurudishwa tanurini ukawe saruji. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayeliacha vumbi lipeperuke anapeperusha pia mali yake. Kuna na aina nyingine ya chujio, inayonasa chembe kwa umeme. Hiyo nayo ni nzuri, ila umeme ukikatika inalala, na bomba linatema kila kitu hadi mtambo utulie. Nikikagua huwa nauliza swali hili mapema: umeme ukikatika saa nane usiku, nini kinatokea kwenye chujio?

Nishati nayo ina uzito wake. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilichopo Msijute, Mtwara, kilichozinduliwa Oktoba 2015 kikiwa na uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kiliunganishwa na gesi asilia mwaka 2018. Gesi ikiungua haiachi majivu, na salfa yake ni kidogo mno ukilinganisha na makaa ya mawe au dizeli. Kusini tumekalia nishati inayochoma kwa usafi kuliko hizo mbili, kwa hiyo kila mwekezaji mpya aulizwe kama bomba la gesi linaweza kumfikia.

Ninachokisisitiza kuliko vyote ni wakati. Chujio likiwekwa kwenye michoro kabla ya kumwaga zege, gharama yake ni sehemu ndogo ya mradi. Likidaiwa miaka kumi baadaye, kiwanda kinasimama, vyuma vinakatwa, vibarua wanakaa nyumbani bila posho. Marekani walilijua hili kwa shida. Sheria yao ya hewa safi ya mwaka 1970 ilivibana viwanda vipya na kuvilegezea vya zamani, na mitambo mikongwe ya makaa ya mawe ikaendelea kutoa moshi kwa miongo kadhaa kwa sababu kubaki mzee kulikuwa na faida. Hata hivyo, kati ya 1970 na 2020 jumla ya vichafuzi sita vikuu vya hewa ilipungua kwa asilimia 78, na uchumi wao katika miaka hiyo hiyo ulikua mara kadhaa. Sisi tuko mwanzoni. Mradi wa kusindika gesi unaotarajiwa Likong'o, Lindi, haujajengwa. Hapo ndipo pa kudai chujio, tena sasa.

Baada ya wakati, mahali. Makaa ya mawe kutoka Ruvuma yalipoanza kupita bandari ya Mtwara, yalikutana na korosho. Korosho ghafi husafiri kwenye magunia ya juti, na gunia la juti halizuii vumbi jeusi. Serikali haikuyakataa makaa ya mawe. Iliamua kujenga bandari nyingine Kisiwa Mgao kwa ajili ya shehena chafu. Huo ndio mfano ninaoupenda, maana makaa yalitafutiwa mahali ili korosho ilindwe.

Si kila moshi unatoka kwenye bomba refu. Vikundi vya kina mama wanaokaanga na kubangua korosho wanaungua mikono kwa mafuta ya maganda na kuvuta moshi mkali kila siku, kwa kipato kidogo. Kuwaendea na faini ni uonevu. Wanahitaji mkopo wa mtambo wa kuchemsha korosho kwa mvuke, ambao huacha mafuta ndani ya ganda, na dohani inayopita juu ya paa. Mzigo wa sheria ulingane na ukubwa wa moshi na uwezo wa mwenye nao.

Kwa kiwanda kikubwa kilichopo tayari na kinachozidisha kiwango, napendelea ratiba yenye tarehe kuliko kufuli la ghafla. Mwekezaji makini haogopi kiwango, anaogopa kushtukizwa meli ikiwa gatini. Lakini ratiba isiongezwe mara ya tatu na ya nne. Na pale uhai ulipo hatarini leo, kufuli lifungwe leo. Kwa walio ndani ya geti, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya. Kibarua wa kokoto apimwe mapafu kabla ya kuanza, kwa sababu vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe, huumiza polepole, na bila kipimo cha mwanzo atashindwa kuthibitisha madai yake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya mradi kuanza. Wanakijiji hushirikishwa katika tathmini hiyo. Nimehudhuria mikutano ambayo watu walisaini mahudhurio, wakanywa soda, wakaondoka. Mwingine ulikuwa tofauti. Mzee mmoja, mvuvi, alisimama akamuuliza mshauri wa mradi: "Vipimo vyako umevichukua wakati wa kusi. Kaskazi ikianza kuvuma, vumbi litaelekea wapi?" Mshauri akafungua ripoti, akageuza kurasa, akanyamaza. Upande wa pili wa kiwanja kulikuwa na shule ya msingi. Mwenyekiti wa kijiji akaahirisha kikao. Waliporudi walikuja na mchoro mwingine, na mtambo wa kusaga ulikuwa umehamishiwa nyuma ya kilima.